Msaada: nimeletewa okidi, nipo Dodoma, maua yanadondoka. Naanzia wapi?

Mama_Ilazo
Habarini wanajamvi, wakubwa shikamooni. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na maua ya okidi. Wifi yangu kaja toka Dar na treni ya umeme kaniletea okidi nyeupe, zile zenye majani mapana manene machache na bua moja refu lenye maua mengi. Iko kwenye kopo la plastiki la kuonyesha ndani, na hilo kopo limetumbukizwa kwenye chungu kizuri cha kung'aa kisicho na tundu chini. Ndani hamna udongo kabisa, ni vipande vya magome ya mti tu. Mimi nimezoea mawaridi na mishubiri nje ya nyumba, hii sijawahi kutunza.

Sasa maua mawili ya chini yamedondoka na vitumba vya kule juu vimeanza kuwa vya njano. Afu kuna mizizi ya kijivu imetoka nje ya kopo inaning'inia hewani, sijui niifukie au nikate. Jirani ananambia nihamishie kwenye udongo wenye samadi, mume wangu anasema nimwagilie kila siku kwasababu hewa ya Dodoma ni kavu. Dirisha la sebuleni linatazama mashariki, la jikoni magharibi. Maji ya bomba huku kwetu yana chumvi, birika linashika ukoko mweupe. Naipenda sana hii zawadi, sitaki inifie.

kijana_Nzuguni
Dada pole. Mi naona shemeji yuko sahihi, Dodoma bila maji hutoboi, hasa miezi hii ya upepo. Mwagilia asubuhi na jioni kama tunavyofanya kwenye mchicha.

BiMaua_Kisasa
Hapana jamani, tafadhali mwanangu usimwagilie kila siku na kwenye udongo usiipeleke. Ngoja nikueleze vizuri maana ukielewa hiyo okidi imetokea wapi mengine yote yanakuwa mepesi.

Hiyo yako kwa maelezo yako ni Phalaenopsis, ndio inayouzwa sana madukani. Asili yake ni misitu ya joto ya Asia, kuanzia kusini mwa bara hilo mpaka Ufilipino na Indonesia, inafika hadi kaskazini mwa Australia. Huko haioti ardhini, inajishikiza kwenye matawi na magome ya miti, mizizi iko nje hewani. Hainyonyi mti ulioibeba, inakaa juu yake tu. Mvua ikinyesha mizizi inalowa chapu, mvua ikikata upepo unaikausha, ndio maisha yake hayo. Mizizi imevikwa tabaka jeupe kama sponji, linafyonza maji kwa dakika chache na kuyatunza. Sasa ukiifukia kwenye udongo ukaumwagilia asubuhi na jioni hewa inakosekana, mizizi inaoza, na mmea wenye mizizi iliyooza unakufa kwa kiu huku umekaa kwenye maji. Okidi nyingi za watu wanaoanza zinakufa hivyo, kwa maji mengi, hata hapa Dodoma penye ukame.

Kwahiyo usihesabu siku, angalia mizizi. Una bahati kopo lako linaonyesha ndani. Mizizi ikiwa kijani ina maji ya kutosha, iache. Ikishageuka rangi ya fedha au kijivu na kopo ukilinyanyua unaliona jepesi, hapo mpe maji. Kwa hali ya hewa yetu Oktoba na Novemba ukali wa joto unaweza kujikuta unamwagilia kila baada ya siku tano hivi, Juni na Julai hata siku kumi zinafika. Lakini mizizi ndio iseme, sio kalenda.

Namna ya kumwagilia: asubuhi, toa kopo kwenye chungu cha urembo, weka kwenye beseni, maji yafike karibu na usawa wa magome, acha dakika kumi au kumi na tano, toa, acha yachuruzike mpaka yaishe kabisa ndo urudishe. Kile chungu kisicho na tundu kisibakie na maji chini hata kidogo. Na pale katikati majani yanapochomozea maji yasituame, yakiingia futa na tishu, pakioza pale ndio mwisho wa mmea.

Mizizi ya hewani iache hivyohivyo, ni ya kawaida, usikate usifukie.

Mama_Ilazo
Asante sana mama, Mungu akubariki. Nimeenda kuangalia sa hivi, kwenye chungu cha nje kuna maji yametuama vidole viwili, kumbe imekuja nayo hivyo toka dukani. Mizizi mingi ni kijani ila chini kabisa kuna michache ya kahawia. Je, maua yanadondoka sababu ya hayo maji?

BiMaua_Kisasa
Yamwage hayo maji leo hii. Ukiibonyeza ile mizizi ya kahawia ikawa laini inateleza, imeoza. Ikiwa migumu ni rangi tu ya magome, haina shida. Ikiwa michache usiisumbue sasa wakati ina maua, subiri maua yaishe ndo ubadilishe magome na kukata iliyooza kwa wembe uliofutwa na spiriti. Ingekuwa imeoza mingi ningekwambia ufanye leo bila kujali maua.

Maua kudondoka kunaweza kuwa mambo kadhaa. Maua ya hii aina yanakaa miezi miwili mpaka mitatu, hatujui dukani yalishachanua lini, ya chini ndio yanatangulia kufunguka kwahiyo ndio yanatangulia kuanguka, hilo lisikutishe. Vitumba kugeuka njano kabla ya kufunguka ndio dalili kwamba mmea umeshtuka. Safari, kutoka unyevu wa Dar kuja ukavu wa huku, upepo wa dirishani. Na kuna jambo moja watu hawalijui: umeiweka karibu na matunda?

Mama_Ilazo
Mama umejuaje, iko juu ya meza ya chakula na hapo pembeni kuna chane ya ndizi na mapapai.

BiMaua_Kisasa
Basi iondoe. Ndizi na papai zikiiva zinatoa gesi ya ethilini, ndiyo inayoivisha, na vitumba vya okidi vikiipata vinanyauka na kuanguka. Moshi wa jiko la mkaa nao una gesi hiyohiyo, kwahiyo jikoni pia siyo mahali pake. Hilo dirisha la magharibi lisahau kabisa, jua la saa tisa la Dodoma linababua majani, kwanza unaona baka jeupe baadaye linakuwa jeusi. Weka sebuleni dirisha la mashariki, nyuma ya pazia jepesi, ipate mwanga mwingi lakini jua kali lisiipige. Jani likiwa kijani cha wastani uko vizuri. Likikoza sana mwanga ni mdogo, na hapo maua hutayaona tena. Likianza kuwa la njano au kuiva wekundu jua limezidi.

mwanachuo_UDOM
Samahani kuingilia, vipi kuhusu ule ukavu wa hewa? Nimeona wengine wanapuliza maji kwenye majani kila saa.

BiMaua_Kisasa
Kupuliza kunasaidia dakika chache tu hewa inakuwa kavu tena, na yakituama katikati ndo yale ya kuoza. Bora uchukue sinia uweke kokoto, mimina maji chini ya usawa wa kokoto, kopo likae juu ya kokoto bila kugusa maji. Na kusanya maua yako ya ndani yakae pamoja, yanapeana unyevunyevu. Muhimu kuliko vyote iwe mbali na feni na kile kiupepo cha mlangoni cha Julai na Agosti. Vumbi nalo, futa majani kwa kitambaa kibichi kila baada ya muda, jani lenye vumbi halipati mwanga.

fundi_kijani
Naongezea kwenye maji maana hapo ndipo Dodoma tunapotofautiana na wenzetu. Maji yetu mengi ni ya visima vya Makutupora kule Mzakwe, ni magumu, yana madini mengi. Okidi haipendi chumvi, utaona ukoko mweupe juu ya magome na ncha za mizizi zinaungua zinakuwa nyeusi. Kuchemsha kunapunguza chokaa kiasi tu, chumvi yenyewe haitoki. Mvua zetu zinaanza Desemba mpaka Aprili, kinga ya paa kwenye ndoo safi (acha ya kwanza kwanza ioshe vumbi la bati) uweke kwenye madumu yenye mfuniko, okidi moja inatumia kidogo sana utafika nayo mbali. Yakiisha, nunua maji ya kunywa yaliyochujwa ya dumu. Kama huna namna utumie ya bomba, basi kila mwezi mara moja mimina maji mengi masafi yapite kwenye magome yatoke chini yasombe chumvi.

shemeji_wa_Chamwino
Kwani okidi si zipo hata maporini kwetu? Kuna moja nimeiona kwenye mti mkubwa ina maua ya njano yenye madoadoa ya kahawia, naweza kukuchumia bure dada ukawa na mbili.

fundi_kijani
Mkuu hiyo kama siyo Ansellia africana basi sijui, ni ya kwetu Afrika kweli na inastahimili ukame. Ila naomba kwa dhati usiibandue. Okidi za porini zikishang'olewa nyingi hazishiki tena, na hiyo ishawekwa kwenye kundi la mimea iliyo hatarini sababu ya watu kuibandua na kukata miti inayoibeba. Okidi zote zimo kwenye mkataba wa CITES wa kudhibiti biashara. Angalia kule Nyanda za Juu Kusini, viazi vya okidi za ardhini vilichimbwa kwa magunia vikapelekwa Zambia kupikwa chikanda (chakula cha huko kinachotengenezwa na viazi hivyo), na hiyo ni moja ya sababu Kitulo ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Piga picha, iache na mti wake.

shemeji_wa_Chamwino
Sawa mkuu nimekuelewa, sikulijua hilo. Itabaki pale.

Mafinga_mbao
Mama Ilazo ukifika wakati wa kubadilisha magome nicheki hapa jukwaani. Huku kwetu magome ya misindano yanatupwa kwenye viwanda vya mbao. Yachemshe au yaloweke siku kadhaa ukibadilisha maji, utomvu utoke, kisha katakata vipande vya ukubwa wa sentimita mbili hivi. Changanya na vipande vya mkaa mkavu ambao haujawahi kuwashwa jikoni. Wengine wanatumia makumbi ya nazi, nayo yanafaa ila yaloweke sana maana yana chumvi.

Mama_Ilazo
Jamani mmenisaidia kweli. Imeshahamia sebuleni, maji nimemwaga. Maswali ya mwisho: maua yakiisha yote lile bua nikate? Itatoa tena? Na mbolea je, samadi kidogo haiwezi?

BiMaua_Kisasa
Samadi hapana, inaziba hewa na inaunguza. Tumia mbolea ya maji ya NPK yenye uwiano sawa, mfano 20-20-20, lakini robo tu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakti, mara moja kila wiki mbili inapotoa jani au mzizi mpya. Lowesha kwa maji matupu kwanza ndipo uweke mbolea, usiweke kwenye mizizi mikavu.

Bua: likikauka likawa la kahawia kata chini kabisa. Likibaki kijani una hiari, unaweza kukata juu ya kifundo cha pili au cha tatu kutoka chini, mara nyingine linachipua tawi la maua. Mimi kwa mmea uliotoka safarini na una mizizi inayosumbuka ningelikata chini ili nguvu iende kwenye majani na mizizi.

Itatoa tena, kwa kawaida mara moja kwa mwaka. Kinachoiamsha ni ubaridi, na hapo Dodoma tuna neema ambayo wenzetu wa Dar hawana, usiku wa Juni na Julai unapoa wenyewe. Iache chumba kisicho na joto, ila usiku usiigandamize na kioo cha dirisha, nje kunaweza kushuka mpaka nyuzi 13 au 14 na hiyo imezidi kwake. Ukiona kitu kipya kinachomoza kati ya majani chenye ncha iliyobapa, hilo ni bua. Mzizi una ncha ya mviringo. Likishatokea usigeuzegeuze kopo.

Na kila ukimwagilia geuza majani uangalie chini. Vitu vyeupe kama pamba ni vidung'ata, wafute na pamba yenye spiriti, rudia kila wiki mpaka waishe. Utando mwembamba na majani kuparara ni utitiri, unapenda ukavu, mwoshe kwa maji chini ya majani.

Mama_Ilazo
Nimeandika yote kwenye daftari mama. Desemba tunaenda Moshi kwa wakwe wiki mbili, nimwachie binti wa jirani funguo?

BiMaua_Kisasa
Wiki mbili bila mtu inavumilia. Siku ya kuondoka iloweke vizuri, ichuruzishe, isogeze mbali kidogo na dirisha ili isikauke haraka, acha na lile sinia la kokoto lenye maji. Binti ukimpa funguo mwambie amwagilie ya nje tu, hii asiiguse. Ukirudi ukakuta majani yamelegea kidogo, loweka dakika ishirini, yatanyanyuka taratibu ndani ya siku chache. Kama hayajanyanyuka, itoe kwenye kopo uitazame mizizi halafu uniandikie hapa.