Kaitwa serikalini miezi minne baada ya kuajiriwa shule binafsi: aende au abaki?

Wadau, habari za jioni. Kuna jambo limenikaa moyoni, naomba tulijadili.

Mimi ni mwalimu wa taaluma katika sekondari ya binafsi. Kijana wetu wa Fizikia, aliyeanza kazi Januari, mwezi Mei kaona jina lake kwenye orodha ya walioitwa kazini serikalini. Mwenye shule kawaka: vijana hawana shukrani, kuanzia sasa kila mwalimu mpya ataacha vyeti vyake halisi ofisini. Walimu wenzangu wengi wanamuunga mkono. Mimi nimekataa.

Kilichopo upande wa pili tunakijua wote. Ajira ya kudumu, pensheni, mkopo wa benki kwa hati ya mshahara tu, ruhusa ya kwenda kusoma. Huku kwetu kuna miezi mshahara unaingia tarehe 15 ya mwezi unaofuata, na likizo ya Desemba wapo wasiolipwa kabisa. Kumwambia kijana anayetegemewa na mama yake aipige teke nafasi hiyo, ili sisi tusihangaike kutafuta mwalimu, ni kumwonea.

Wanasema angesubiri angalau mwaka, ndio uungwana. Sasa huo uungwana ni wa upande mmoja? Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 hana kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki. Wanafunzi wangepungua Aprili, huyu huyu angekuwa wa kwanza kuambiwa asante kwa heri.

Ninachokasirikia mimi ni kutoroka. Miaka 3 iliyopita mwalimu wa Kemia aliondoka Jumapili usiku. Jumatatu asubuhi Kidato cha Nne wako maabara, bureti zimeshafungwa kwenye stendi, wanamsubiri. Simu haipatikani. Kwenye droo yake nilikuta karatasi 58 za jaribio, kasahihisha 11, kalamu nyekundu iko juu ya ya 12. Watoto wale walikaa wiki 6 bila Kemia, na Novemba mtihani wa taifa unawasubiri. Hilo sijalisamehe mpaka leo.

Huyu wa Fizikia kaja na barua siku ileile majina yalipotoka. Jioni mbili tumekaa naye na azimio la kazi, yaani mpango wake wa mada za kufundisha, kanionyesha alipoishia, kaniandikia majina ya wanafunzi 9 ambao sumakuumeme haijawaingia. Mtu wa hivyo unamnyima nini?

Ila hata yeye kanasa. Sheria inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku 28 (ni 7 tu kama bado yumo ndani ya mwezi wake wa kwanza kazini). Tangazo lake linampa siku 14 awe ameripoti kituoni. Afanyeje? Asipozifanyia kazi siku za notisi, mwajiri anaruhusiwa kumkata kwenye stahiki zake kiasi ambacho angelipwa siku hizo. Wenye mikataba ya muda maalumu wasome yao kwa makini zaidi, maana wakiivunja katikati wanaweza kudaiwa fidia.

Naamini wengi hutorokea hapo. Anajua akisema mapema atawekewa ngumu, siku 14 zitapita. Ukimshikia vyeti, ataviomba asubuhi akatoe kopi stationari, hutamwona tena. Na barua ya kukuaga hutaipata, azimio la kazi hutaonyeshwa.

Hoja yangu ni hii: anayeitwa serikalini akiwa na barua ya mwajiri wa sasa, apewe siku 30 za kuripoti badala ya 14. Amalize notisi, akabidhi darasa, aende na vyeti vyake.

Wenye shule, maofisa utumishi, na ninyi mliowahi kuondoka katikati ya muhula, semeni. Kuna halmashauri itakayokwama kwa kumsubiri mwalimu siku 16 zaidi?