Moduli za redio za 433 MHz zinanipea namba za ajabu kwa tangi la maji, nisaidieni

juu_ya_slabu
Wakuu niaje. Niko Pipeline hapa Nairobi, tangi liko juu kabisa ghorofa ya saba na pampu iko chini kando ya geti, so nikaenda Luthuli nikachukua zile moduli za bei rahisi za 433 MHz, transmita juu na Arduino (ile kompyuta ndogo ya bodi) na sensa ya maji, risiva chini inawasha pampu. TX, ile pini ya Arduino ya kutuma, nimeiunganisha moja kwa moja kwa pini ya data ya transmita, natuma baiti moja tu (biti 8) ya asilimia, na spidi nimeshusha hadi biti 300 kwa sekunde ju nilisikia polepole ndio salama. Kwa meza zinaongea poa sana. Zikikaa mahali pake naona maji asilimia 231, mara 255, na cha kushangaza tangi likikaribia kuisha ndio takataka inazidi, likijaa inatulia kidogo. Juzi usiku pampu ikajiwasha, maji yakashuka hadi kwa ngazi, mwenye ploti hataki hata salamu yangu. Mbona rimoti ya geti iko masafa hayo hayo na haisumbui?

waya_mbili
Hiyo ya tangi kuisha ndio jibu lenyewe. Hizo transmita hutuma 1 kwa kuwaka na 0 kwa kuzima, basi. Asilimia 2 kwa baiti moja ni sufuri karibu zote, kwa hivyo transmita inanyamaza, na hiyo risiva ikikosa mtu wa kusikiliza inajiongeza nguvu yenyewe mpaka ianze kuokota kelele za hewani, za chaja ya simu, za kila kitu, halafu inakuandikia 1 mahali hakuna. Kwa spidi ya 300, sufuri nane na biti ya kuanzia ni milisekunde 30 za kimya, na hapo ndio inapotea. Zima transmita kabisa uangalie pini ya data ya risiva, utaona bado inarukaruka.

Weka laibrari ya RadioHead, ni kodi tayari ya kutuma ujumbe kwa redio kama hizi. Hiyo kila biti 4 inazituma kama 6, tatu ni 1 na tatu ni 0, so tangi liwe tupu liwe limejaa hewani ni sawa tu. Inatanguliza biti 36 za 1 na 0 zikipishana ndio risiva itulie na ishike mpigo, kisha alama ya biti 12 ya kuonyesha ujumbe unaanza wapi, na mwisho inaweka CRC ya biti 16, namba ya kukagua kama ujumbe umefika bila kuharibika. Takataka kupita hapo kwa bahati ni kama mara moja kwa 65,536. Spidi acha ile yake ya 2000.

geti_jeusi
Alafu kuna kitu hapo imerukwa. TX ya Arduino ikiwa haina kazi inakaa 1, maanake transmita yako inapiga kelele mchana na usiku!! Uliza majirani kama rimoti za gari zinafungua hapo parking siku hizi, kuna zile ziko hapo hapo 433.92. Ya geti inafaulu ju inarudia namba yake ile ile muda wote umebonyeza, ikisikika mara moja imetosha, na lisipofunguka wewe mwenyewe unabonyeza tena. Pampu haina mtu kama huyo. Ipange isiwake mpaka ipate jumbe tatu zinazokubaliana, na ikikaa kimya dakika kadhaa izime.

mzee_wa_antena
Antena ni sentimita ngapi? Kwa 433 inafaa kama 17.3, robo ya wimbi. Wengi huacha ile springi ndogo wanashangaa.

kijana_LoRa
Tupa hiyo kitu nunua LoRa, zile redio za kutuma data mbali, umalize.

waya_mbili
@kijana_LoRa LoRa ni nzuri, slabu saba za zege na vyuma si mchezo, na hiyo hata signali ikiwa chini ya kelele inaisoma. Lakini ukiipandisha hadi SF12, ile seti yake ya polepole zaidi, ujumbe mdogo tu unakaa hewani kama sekunde nzima, na kama programu ya pampu inaamini kila namba hajasaidika. Aanze na alichonunua.

juu_ya_slabu
Eish, kumbe ndio maana soja alikuwa analalamika juu ya magari. Nimetoa TX nimeweka RadioHead, namba za ajabu zimeisha, sai shida ni kuna jumbe zingine hazifiki kabisa. Na mwenye ploti amekubali niongeze tangi la block ya pili, zote mbili zikituma pamoja?

waya_mbili
Zitagongana na hutapata hata moja. Watu wa ALOHA, mtandao wa redio wa kompyuta kule Hawaii, walikutana na hiyo miaka ya 70, kila kituo kilikuwa kinatuma kikitaka, kisipojibiwa kinangoja muda wa kubahatisha kinarudia. Zako hazina njia ya kujibiwa, so kila moja ipe namba yake, irudie ujumbe mara kadhaa na kila mara ingoje muda tofauti, usiweke sekunde 10 kamili kwa zote ju zikigongana mara moja zitaendelea kugongana. Maji hayaishi kwa sekunde moja, ujumbe mmoja kwa dakika unatosha.

mzee_wa_antena
Bado hujajibu ya antena.

juu_ya_slabu
Ni hiyo springi mzee 😅 nakata waya sai.