Futur antérieur imenigomea: nilipie darasa, mwalimu wa WhatsApp au kitabu?

Kaka_wa_Njiro
Habari zenu wanajukwaa. Niende moja kwa moja. Kifaransa nakimudu kiasi. Passé composé (nimemaliza) naijua, futur simple (nitamaliza) naijua, ila ile futur antérieur, njeo ya "nitakuwa nimemaliza", ikija na akina aurai na serai nachanganyikiwa kabisa. Nina hela ya kitu kimoja tu: darasa la jioni hapa mjini, mwalimu Mkongomani anayefundisha kwa WhatsApp, au kitabu cha sarufi chenye mazoezi na majibu nyuma nijisomee mwenyewe. Ipi italipa? Nataka kuamua wiki hii.

Mama Sauda
Unasomea nini? Mtihani, kazi, mchumba? Uko daraja gani? Na bei zenyewe ziko wapi? Unatuuliza kipi kina nafuu huku bei umezificha mfukoni.

Profesa_Mstaafu
Usitoe hata senti. Umesema passé composé unaijua, basi umeshamaliza robo tatu ya kazi. Chukua avoir (kuwa na) au être (kuwa), ipeleke futur simple, bandika participe passé, lile umbo la mwisho la passé composé kama fini. J'aurai fini, tu auras fini, il aura fini, nous aurons fini, vous aurez fini, ils auront fini. Wale wa être ni je serai parti, nous serons partis, na akiwa mwanamke elle sera partie. Kitenzi kilichochukua être kule kwenye passé composé kinaichukua na huku, hakuna orodha mpya. Hata se laver (kujiosha) ni hivyo hivyo: je me serai lavé. Kiswahili chetu nacho kinajenga kwa vipande viwili, nitakuwa + nimemaliza. Hicho ndicho cha kulipia?

Otis_254
Profesa amesema ukweli lakini bila mazoezi hiyo yote inapotea kesho asubuhi. Nunua kitabu bana. Darasani mko ishirini, mwalimu anakufikia mara moja kwa jioni. Kitabu hakichoki, na majibu yako nyuma. Mimi nilijifunza hivyo, nikafanya DELF B1, ule mtihani wa cheti cha Kifaransa, na kupita.

Mama Sauda
Kama ni DELF, ajue sehemu ziko nne, kila moja alama 25. Kupita ni 50 kwa jumla, na ukipata chini ya 5 kwenye sehemu moja umeanguka hata kama nyingine umeng'ara. Na mojawapo ni kuongea. Hicho kitabu kitaongea naye? Bado hajajibu swali langu lakini.

Nyota_ya_Pangani
Jamani hawa wa WhatsApp tuwe nao makini. Ngoja niwape kisa. Nililipia kozi ya mtandaoni, jina la kituo siliweki hapa. Tukaunganishwa kwenye grupu. Mwalimu akatuma picha ya jedwali, akatuma na sauti anasoma j'aurai, tu auras, il aura, kila mtu arudishe sauti yake. Tukaimba jedwali wiki nzima kama tuko kwaya. Hakuna sentensi hata moja, hakuna aliyeambiwa hiyo njeo inatumika lini. Tulipofika vitenzi vya mwendo akaandika "j'aurai arrivé". Kuna dada alikulia Bujumbura, akauliza kwa adabu zote, mwalimu, si je serai arrivé? Akajibiwa kwamba huko kwao wanaongea Kifaransa cha mtaani. Dada akarudi na mfano wa pili, tukashtukia katolewa kwenye grupu. Nikamfuata inbox kumpa pole, ndiye aliyenielekeza vizuri, bure. Sisi tuliobaki tukaanza kudai hela, tukaambiwa ada hairudishwi, imeandikwa kwenye fomu. Fomu hiyo hakuna aliyewahi kuiona. Na bado akatuma ankara ya moduli ya pili!

Bukavu_Rive
Pole sana dada, mais usituweke wote kapu moja. Huyo aliyeandika j'aurai arrivé hakusoma, haijalishi anatoka wapi. Huku Bukavu, Kongo, tunaanza Kifaransa primaire. Bon, sabini na tisini tunasema septante na nonante, hilo mtatusamehe, na Wabelgiji wanasema hivyo pia.
Kaka, jedwali siyo shida yako. Shida ya mtu wa Kiswahili ni "-ki-". Unasema "nikimaliza nitakupigia", unaitafsiri "si je finis", hiyo si ya Kifaransa ni "kama". Mfaransa anasikia kwamba huna hakika kama utamaliza. Kama kumaliza ni lazima, unasema quand j'aurai fini, je t'appellerai. Ukitaka kujua ni ipi, jaribu "nikishamaliza". Ikikubali "-kisha-", mara nyingi ni quand (wakati), dès que (mara tu) au une fois que (baada ya), na futur antérieur nyuma yake.

Profesa_Mstaafu
Hapo umenena. Nami niongeze: baada ya "si" ya sharti hii njeo haikai kabisa. "Si tu auras fini" ni kosa. Sahihi ni "si tu as fini avant midi, appelle-moi", kama umemaliza kabla ya saa sita mchana nipigie.

Otis_254
Sawa, lakini huyo mwalimu wa sauti atamfundishaje tofauti ya aurai na aurais? Hiyo lazima uione kwenye karatasi. J'aurai fini ni nitakuwa nimemaliza, j'aurais fini ni ningekuwa nimemaliza. Herufi moja tu, maana mbali.

Bukavu_Rive
Aurai inafungwa kidogo, aurais inafunguka. Sikio linazoea.

Otis_254
Linazoea wapi? Nimesikiliza redio ya Ufaransa miaka, wengi wao wanazitamka sawa. Wenyewe wanaelewa kwa sentensi nzima.

Bukavu_Rive
Wengi siyo wote. Na ukizubaa kwenye dictée (imla) alama zinaondoka.

Mama Sauda
Mnagombania "s" moja na mwenye uzi kalala. Kaka_wa_Njiro, jitokeze.

Kaka_wa_Njiro
Samahani wakuu, nilikuwa mlimani, mtandao wa shida. Mimi ni msaidizi wa guide, Kilimanjaro, njia ya Machame. Sina mtihani wowote. Ofisi imesema Julai kuna vikundi vya Wafaransa na wanatafuta mtu wa kutoa maelezo ya jioni kambini kwa Kifaransa. Nikijaribu kusema kesho tukishafika tutafanya hiki, maneno yananikwama. Bei: darasa laki mbili na nusu, mwalimu laki moja na ishirini, kitabu elfu sitini.

Mama Sauda
Ungesema hili tangu mwanzo tusingefika kwenye DELF.

Bukavu_Rive
Ah, donc futur antérieur ndiyo chakula chako cha kila jioni! Chukua hizi, bila malipo. Dès que nous serons arrivés à Barafu, vous vous reposerez: tukishafika kambi ya Barafu mtapumzika. Quand vous aurez bu le thé, je vérifierai vos lampes: mkishakunywa chai nitakagua taa zenu. Sasa angalia monter. Wakipanda watu ni être: quand nous serons montés. Wakisimamisha hema ni avoir: quand les porteurs auront monté les tentes. Descendre vilevile. Quand nous serons descendus à Mweka, lakini quand ils auront descendu les sacs. Kukiwa na kitu kinachopandishwa au kushushwa, avoir inarudi.

Profesa_Mstaafu
Ukiandika ujue pia les sacs qu'ils auront descendus, na "s" mwishoni, kwa sababu mizigo imetangulia kitenzi.

Nyota_ya_Pangani
Profesa, mtu yuko mita 4,600 na kichwa kinamgonga, wewe unampa "s" isiyotamkwa.

Otis_254
Mimi bado nasema hata haihitaji. Kwepa tu. Badala ya quand vous aurez mangé, vous dormirez, sema après avoir mangé, vous dormirez, yaani baada ya kula mtalala. Fupi, hakuna kunyambua.

Bukavu_Rive
Inafaa kama mtenda ni yule yule. "Wagumu (wapagazi) wakishasimamisha hema mtaingia" utasemaje kwa après avoir? Utawasimamishisha wageni hema. Na kuna matumizi mengine ambayo hawezi kuyakwepa hata kuyasikia tu. Mgeni hajatokea mezani, mwenzake atasema il se sera endormi, atakuwa amelala. Hapo hatabiri kitu, anakisia. Kiswahili kinafanya vilevile, kwa hiyo hilo utalipata haraka.

Mama Sauda
Kwa kazi ya kuongea mimi naenda na mwalimu, ila kwa masharti. Alipe somo moja kwanza. Ampe sentensi zake za mlimani azisahihishe. Akiletewa jedwali la kuimba, aondoke. Kitabu ataazima.

Otis_254
Elfu sitini dhidi ya laki na ishirini, na kitabu unaweza kukiuza baadaye. Mwalimu huwezi kumuuza.

Nyota_ya_Pangani
Darasa la jioni mmelisahau kabisa. Mimi baada ya yale yaliyonikuta nataka mtu nimwone uso, niende ofisini nigonge meza.

Kaka_wa_Njiro
Darasa ni Jumatatu hadi Alhamisi na mimi siku hizo nyingi niko juu. Nimemwandikia mwalimu nimuombe somo moja la majaribio, hajajibu. Hizo sentensi za Bukavu_Rive nimezinakili kwenye daftari.

Guide_Mstaafu_Moshi
Nimepita tu. Wafaransa wanataka maelezo kamili, saa, mwinuko, chakula, na ukikosea saa watakukumbusha. Hivi siku hizi bahasha ya tip kwa vikundi vyao inapitia kwa guide mkuu au wanagawa wenyewe kwa wagumu?

Kaka_wa_Njiro
Inategemea kampuni mzee wangu. Sisi inatangazwa mbele ya wote siku ya mwisho, lakini kuna sehemu bado ni kizungumkuti.

Guide_Mstaafu_Moshi
Zamani ilikuwa vita. Anzisha uzi wake, hilo lina mengi.

Mama Sauda
Bukavu_Rive, wewe unafundisha? Mwanangu ana DELF A2 na sijapata mtu.

Bukavu_Rive
Mimi niko kwenye biashara ya samaki, mama, mais dada yangu anafundisha. Nitakutumia inbox.