Mrejesho: harufu ya kuku chini ya mwembe

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mwezi uliopita niliuliza nifanyeje na harufu kali pale kuku wangu 14 wanapojipumzisha mchana, chini ya mwembe ulio karibu na dirisha la jikoni, hapa Buhongwa, Mwanza.

Mliosema tatizo ni maji, Mungu awabariki. Kila asubuhi nilikuwa namwaga ndoo mbili nikidhani nasafisha, kumbe kinyesi kikilowa ndipo bakteria wanapokigeuza kuwa amonia, ile inayochoma macho. Nikaacha maji kabisa. Nilikwangua udongo wa juu kwa jembe, nikaurundika pembeni uoze kwanza ndipo uende kwenye migomba, kisha nikatandaza maganda ya mpunga kutoka mashineni, unene wa kiganja. Jioni nageuza kwa reki. Palipolowa napatoa, naongeza makavu.

Siku ya nne harufu ilikuwa imepungua sana. Halafu mvua ikanyesha, maji ya bati yakatiririka hadi pale, ikarudi yote. Iliniuma! Nimechimba mfereji wa kuyageuza.

Jumapili mama mkwe alikunywa chai jikoni, dirisha wazi.