Mrejesho: meno na miwani kwenye bima ya wafanyakazi wa mteja wangu

Wakuu, asanteni sana. Mwezi uliopita niliwauliza, mimi dalali wa bima hapa Dar: kampuni ya watu 38 imehuisha bima ya afya, kisha wafanyakazi wakawa wanarudishwa kwenye duka la miwani wakiambiwa kiwango kimeisha.

Mlinishauri nilinganishe jedwali la mafao la zamani na jipya mstari kwa mstari. Kweli, tatizo lilikuwa humo. Kiasi ni kilekile, shilingi 400,000 za meno na 300,000 za miwani, ila "kwa mtu" imekuwa "kwa familia". Baba akishachukua miwani, mama na watoto hawana kitu. Siku ya kuhuisha niliangalia tarakimu tu, na imeniuma, maana mama mmoja mhasibu alikaa wiki tatu bila miwani.

Tuliomba marekebisho ya mkataba. Kampuni ya bima imerudisha "kwa mtu" kote kuwili, mwajiri akalipa nyongeza ya ada. Fremu bado ni mara moja kwa miaka miwili. Kung'oa na kuziba jino hakuhitaji kibali cha kampuni ya bima, ila kutibu mzizi lazima kibali kitoke kwanza. Kunyoosha meno hakumo kabisa. Nimewaambia wafanyakazi wazi, ana kwa ana, kabla hawajaenda kwa daktari.

Yule mama amechukua miwani yake Jumanne.