Mwenye ndoano anatozwa elfu kumi, mwenye kokoro anasalimiwa

Wakuu, salaam.

Nimejizuia tangu Jumamosi nisije nikaandika kwa jazba. Leo Jumanne, jazba bado ipo, basi acha niandike hivyo hivyo.

Mimi ni mtu wa ndoano. Siuzi samaki, sina mtumbwi, sina wavu. Wiki nzima nipo dukani nauza vipuri vya pikipiki. Jumamosi alfajiri nabeba fimbo yangu, kopo la minyoo na chupa ya chai ya tangawizi, nakwenda kukaa juu ya jiwe. Mwanza Mungu ametupa mawe, tuyakalie. Wengine wikiendi wanasubiri mikeka yao ya kubeti itiki, mimi natazama boya. Mke wangu alishaacha kuuliza kuna nini kwenye hilo boya.

Mahali penyewe ni upande wa Nyegezi, Ziwa Victoria. Mwalo, yaani ufukwe wa wavuvi, siutaji, wanaopajua watapajua. Zamani nilikuwa navulia karibu zaidi na mjini, ila kila ufukwe ninaouzoea unaota ukuta. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na kuna kuta huku ambazo ukiziegemea kwa upande wa pili unalowa. Hayo nayaacha, yanataka uzi wake. Saanane najua ni hifadhi ya taifa, sisogei. Kwa hiyo tumebaki na vijiwe viwili vitatu, tunavitunza kama mboni.

Sasa sikilizeni.

Tulifika saa kumi na moja kasoro, mimi na jamaa yangu mmoja fundi seremala. Giza bado. Kabla hatujaona kitu tukasikia watu wanavuta. Anayeijua sauti ya kokoro hawezi kuifananisha na nyingine: kamba inakwaruza mchanga, mtu mmoja anahesabu kwa Kisukuma, miguu inakita kwa pamoja. Kama mita 150 kutoka kwetu, makundi mawili, kila moja na kamba yake, wanasogeleana taratibu.

Kwa asiyewahi kuliona: mtumbwi unazungusha wavu nusu duara huko ndani, maboya juu, vizito chini, katikati kuna mfuko wa matundu madogo. Halafu unavutwa kutoka nchi kavu, na ule upande wa chini unakwangua kila ulichokuta. Majani, konokono, mashimo ya sato, vifaranga, vyote vinakuja. Kokoro limepigwa marufuku, hilo hata mtoto wa darasa la nne anayekaa mwaloni analijua. Na miongoni mwa wavutaji walikuwapo wa darasa la nne hasa, wamekunja kaptura za shule.

Mfuko ulipofika mchangani nikashuka na tochi ya simu. Nilitaka kuona tu. Vijisato vya upana wa kiganja cha mtoto, sangara wachanga, furu (wale samaki wadogo wa asili wa ziwani), vyote vimechanganyika na magugu maji na chupa za plastiki. Katikati kuna sato jike mmoja mkubwa, wa kama kilo, amelala ubavu. Mdomo unafumbua, unafumba. Kila akifumbua anatema kitu. Nikadhani mchanga. Nikachuchumaa, nikammulika vizuri. Mayai. Ya manjano yaliyokolea, madogo kuliko punje ya mtama, makubwa kuliko ulezi, na mengine yalishaota vijicho vyeusi. Yanamwagika kwenye mchanga, na kijana mmoja kayakanyaga akipita na karai.

Msiomjua sato, hamtaelewa kwa nini nilishindwa hata kurudi kwenye jiwe langu. Dume anachimba shimo la duara kwenye mchanga wa maji mafupi, pale pale kokoro linapopita. Jike anataga, anayaokota mayai kwa mdomo, na anakaa nayo mdomoni wiki moja hata mbili. Vifaranga wakishatoka wanazurura pembeni yake, hatari ikija wanarudi mdomoni kwa mama yao. Muda wote huo mama hali, au anakula kwa kubahatisha. Sasa niambieni, samaki asiyekula ana shughuli gani na ndoano yangu? Mnyoo wangu utampita puani, atautazama tu. Miaka tisa nakaa kwenye mawe haya, sijawahi hata siku moja kumtoa jike mwenye mayai mdomoni. Ndoano inamkamata mwenye njaa. Kokoro linabeba mama, mayai na nyumba.

Kukapambazuka. Ndipo akaja mzee mmoja wa makamo, kavaa kile kizibao kinachong'aa, daftari kwapani. Akapita kwanza kwenye kokoro. Nilikuwa nimeshapanda juu ya jiwe, namwona vizuri.

"Mwangaluka!"

"Mwangaluka, baba!" wakaitikia wote, kwa furaha kabisa. Mmoja akamkabidhi kifuko cheusi, kizito, kimefungwa fundo. Akakishika mkono wa kushoto, akanyoosha moja kwa moja kwetu.

"Nani kawaruhusu kuvua hapa?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leseni."

Wakuu, hapo ndipo pana kichekesho chenyewe. Miezi mitatu nyuma nilikwenda mwenyewe kwa miguu yangu ofisini kuulizia leseni ya mtu wa fimbo. Sikutumwa na mtu. Dirisha la chini wakanipandisha ghorofa ya pili, ghorofa ya pili wakaniuliza, "Una chombo?" Sina. "Una nyavu?" Sina, nina fimbo moja na ndoano. Wakatazamana, wakacheka, dada mmoja akaniambia, "Kaka, wewe si mvuvi, nenda kavue tu." Nikarudi nyumbani nimeridhika. Kumbe kwa ofisi mimi si mvuvi, kwa mwenye daftari mimi ni mvuvi haramu.

Nikamweleza yote hayo. Akaniangalia kama ninayemsomea gazeti la jana. "Elfu kumi kila mmoja, au fimbo zinabaki."

"Mzee, na wale pale?"

Hakugeuka hata shingo. "Wale wanatafuta riziki. Nyie mnachezea ziwa."

Nakiri hilo neno lilinichoma, kwa sababu nusu yake ni kweli. Mimi nisipopata samaki nanunua mkaa na nyama nakula. Wale watoto wasipovuta hawapewi ile sahani ya dagaa ya kupeleka nyumbani. Sina ugomvi na mtoto anayevuta kamba, na wala na baba yake. Ila kokoro si chombo cha maskini, tusidanganyane. Urefu ule wa wavu, kamba zile, mtumbwi ule, ni mtaji. Mwenye mtaji wake hakuwapo ufukweni saa kumi na moja alfajiri akitetemeka kwenye maji, yuko kwake amejifunika blanketi, na riziki inayotetewa ni yake. Watoto wanaondoka na sahani na kichocho.

Seremala alikuwa na kazi ya mtu ya kukabidhi saa tatu, akalipa zote mbili. Elfu ishirini. Risiti ni karatasi iliyochanwa kwenye lile lile daftari: "faini uvuvi", tarehe, kimstari kinachodaiwa ni sahihi. Muhuri hakuna, jina hakuna, namba ya malipo hakuna. Nikaomba namba ya kulipia kama inavyotakiwa siku hizi kwa malipo yote ya serikali, akaniuliza kama nataka kwenda kituoni.

Halafu akatuchukulia sato wetu wawili. "Hawa ni ushahidi."

Naomba niwaeleze kuhusu hao sato wawili. Kwenye fimbo yangu nimechora mstari kwa rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, sentimita 25 kutoka kwenye mpini. Ndicho kipimo cha chini cha sato. Kila samaki ninayemtoa namlaza hapo kwanza, akiwa pungufu hata kwa unene wa kucha yenyewe anarudi majini, na nalowesha mikono kabla ya kumshika ili utelezi wake usitoke. Asubuhi ile nilishawarudisha watatu. Hao wawili walivuka mstari vizuri tu. Wakaondoka kama ushahidi ndani ya kifuko kimoja na vifaranga wa kokoro. Kama kuna hakimu atakayeuona ushahidi huo, basi ataukuta umekaangwa.

Usiku huwa naangalia kwenye simu jamaa wa Uingereza wanaovua samaki anaitwa karpi. Vichekesho vya aina yake. Mtu mzima anapiga hema kando ya bwawa la kitongojini, analala siku mbili, kengele inalia, anavuta samaki mkubwa kama mtoto wa mbuzi, anamlaza kwenye godoro maalumu, anampima, anapiga naye picha, anambusu, anamrudisha majini. Hapo nyumbani kwangu wanasema huo ni wendawazimu. Labda. Lakini wendawazimu wao una utaratibu: leseni ya fimbo inajulikana inauzwa wapi, na kwenye mito ya England kuanzia tarehe 15 Machi hadi 15 Juni hakuna kutupa ndoano kwa samaki wa aina hiyo, wanaachwa wazae. Anayevua kwa kujifurahisha anajua haki yake iko wapi na mwiko wake uko wapi. Mimi najua mwiko wangu kwa sababu nimeuchora na rangi ya kucha.

Na msidhani hao karpi ni wa mbali sana na sisi. Ni ukoo mmoja na ningu wetu, hata dagaa huyu wa ziwani ni ndugu yao, ukitazama umbo utashangaa. Ningu vijana wengi humu hamjamwona hata kwenye sahani. Baba yangu mkubwa anasimulia walivyokuwa wakipanda mito masika ikianza, wanapanda kwenda kutaga, na watu wakategesha nyavu midomoni mwa mito, wakawavuna wakiwa na mayai tumboni mwaka baada ya mwaka. Kilichobaki ni hadithi ya baba mkubwa. Ngege naye, jamaa ya sato aliye wa asili hapa, ndiyo hivyo, ziwa hili lilikuwa lake, sasa kumpata ni kama bahati nasibu. Hata huyu sato ninayemlilia ni wa kuja, aliletwa ziwani miaka ya 1950 kama sangara, ila keshakuwa mwenyeji na ndiye tunayemla. Akiisha huyu, sijui tutaletewa nani.

Najua watakaokuja kuniambia na sisi wa ndoano si malaika. Kweli. Kuna wenzetu wanaacha vipande vya mshipi juu ya mawe. Mwezi wa tano nilimfungua mnandi mmoja, yule ndege mweusi mla samaki, aliyenasa miguu yote miwili, akanidonoa mpaka damu, na mshipi ule haukuachwa na mtu wa kokoro. Kuna wanaobeba vijisato vya kukaangia bia. Hao watozwe, hata na mimi nikikutwa navyo nitozwe, na nipewe risiti yenye muhuri.

Na kuna mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp kaniambia nihamie mabwawa ya kulipia, unakaa chini ya mwavuli, unavua sato wa kufugwa, unapimiwa kwa kilo. Asante, mkuu. Samaki wa kulishwa punje kwa saa anakuja kwenye ndoano kama kuku, hapo bora niende sokoni Kirumba.

Jumamosi hii narudi pale pale. Seremala kasema haji. Ile karatasi ya daftari nimeihifadhi kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Kama kuna mtu humu anayelijua dirisha linalotoa leseni ya mwenye fimbo hapa Mwanza, aniandikie hapa hapa hadharani, jengo na mlango. Asinielekeze ghorofa ya pili. Nimeshafika.