Path of Exile 2 au Diablo IV kwa laptopu ya GTX 1650 na intaneti ya simu, Wete

Mkarafuu_Wete
Assalamu alaykum wanabaraza. Nina pesa ya gemu moja tu, katika hizi za kuua mazimwi na kuokota silaha. Diablo IV ya Blizzard (Juni 2023), au Path of Exile 2 ya Grinding Gear Games wa New Zealand, iliyofunguliwa Desemba 2024 na bado toleo la awali? Mashine ni laptopu yenye kadi ya picha GTX 1650 ya GB 4, RAM GB 8, SSD iliyobaki GB 130, na diski ya kuzunguka ya TB 1. Intaneti ni ruta ya laini ya simu, umeme hukatika. Nacheza baada ya Isha, saa moja na nusu hivi, peke yangu. Msinambie "zote nzuri". Nataka kujua saa kumi za mwanzo zikoje na kipi kitanikera.

DauLaMkoani
Waalaykum salaam yakhe. Diablo IV inataka GB 90, Path of Exile 2 GB 100, kwa hiyo kwenye SSD yako inaingia moja tu. Ile diski ya kuzunguka iache iweke picha za harusi. Dunia ya Diablo IV ni moja wazi, data inasomwa huku unatembea, na diski ikichelewa farasi anaganda njiani.

Sasa saa kumi za mwanzo. Diablo IV inakupokea kwa halua na kahawa. Unaanza Normal au Hard, maadui wanapanda levo pamoja nawe, na kila dakika chache kuna silaha mpya chini. Ukikosea kugawa pointi za skili unazirudisha kwa dhahabu kidogo. Path of Exile 2 inakupokea kama Mwaka Kogwa, tena wewe peke yako ndiye uliyesahau gomba. Bosi wa kwanza kabisa, Bloated Miller, anaweza kukuua kabla hujafika kambini. Ukifa unarudi kwenye kituo cha karibu, bosi anajaa damu upya, na maadui wa eneo wanarudi wote.

Tofauti iko kwenye kukwepa. Diablo IV ukishakwepa mara moja unasubiri sekunde kadhaa ndipo ukwepe tena. Path of Exile 2 unabiringika wakati wowote bila kusubiri, na mabosi wametengenezwa wakijua hilo: kila pigo kubwa lina ishara yake. Anayesimama pale pale akibonyeza kitufe kimoja, alivyozoea kule kwengine, anakufa na kulaumu gemu.

Kura yangu ni Path of Exile 2. Halua ukila kila siku inakinai.

Ukhty_Darajani
Kaka Dau umesahau kuwa mwenye swali ana saa moja na nusu. Diablo IV kwa muda huo unamaliza pango mbili na kipande cha hadithi, unalala. Path of Exile 2 maeneo ya Act 1 (sura ya kwanza ya hadithi) ni mapana, na ukifa karibu na mwisho, nusu saa imekwenda na maji.

Lakini nami niseme haki: Path of Exile 2 ukicheza peke yako inasimama kweli ukifungua menyu. Mama akiita, unakwenda. Diablo IV haisimami, kwa hiyo rudi mjini kwanza.

Akichagua Path of Exile 2 nasaha zangu ni hizi. Asianze na mhusika Warrior, nyundo yake ni nzito na mapigo yanachelewa. Kwa mwenye lagi (mtandao unaochelewa), Witch wa mifupa ndiye salama, kwa sababu vibaraka anavyoviita vinapigana hata wewe ukichelewa kufika. Skili za silaha nguvu yake kubwa inatoka kwenye silaha yenyewe, kwa hiyo Ranger mwenye upinde wa levo ya 3 akiwa levo ya 12 asishangae mishale haitoboi. Kila ukipanda levo bidhaa za wauzaji zinabadilika. Pita uangalie silaha na viatu vyenye kasi ya kutembea asilimia 10. Na zile obu, vidude vya kuboreshea silaha na mavazi, asizifungie kabatini. Transmutation inageuza kitu cheupe (cha kawaida) kuwa cha buluu chenye sifa ya ziada, Augmentation inaongeza sifa ya pili, Regal inakifanya cha njano, Exalted inaongeza nyengine. Wageni wanazirundika mpaka Act 3 huku wamevaa matambara, halafu wanasema gemu ngumu.

Ndani ya Act 1 asiwaruke mabosi wa pembeni: Beira anatoa kinga ya baridi asilimia 10 ya kudumu, King in the Mists anatoa Spirit, akiba inayoshikilia vibaraka, na bila Spirit vibaraka vya Witch haviongezeki. Renly, mhunzi wa kambini, akishapelekewa zana zake kutoka Ogham Village anafungua benchi ya kuvunjia vitu. Vyenye tundu au ubora vivunjwe pale, visiuzwe.

Kura yangu ni Diablo IV kwa ratiba yake. Laptopu yenyewe itabeba yoyote kati ya hizo.

BaharaMalindi
Itabeba, lakini kwa masharti. Diablo IV weka picha za vitu Medium; ukiweka High kwa RAM GB 8 itakwama kila ukiingia mjini. Battle.net, programu ya Blizzard ya kushushia gemu, inakuruhusu kuondoa faili za picha kubwa kabla ya kushusha, ziondoe, utaokoa bando na nafasi. Path of Exile 2 zima Global Illumination ubaki na Shadows peke yake, washa dynamic resolution, funga FPS (picha kwa sekunde) kwenye 60. Picha zikikatikakatika, jaribu DirectX 12 na Vulkan, njia mbili za kuchora picha, moja moja, mashine hazifanani.

Jambo ambalo nyote mmelipita ni mtandao. Zote mbili hazichezeki bila intaneti, hata ukiwa peke yako. Path of Exile 2 inakuachia kuchagua namna ya kuwasiliana na seva. Lockstep inangoja seva ikubali kila hatua, kwa hiyo pingi (muda wa kwenda seva na kurudi) ikipanda mtu wako anakuwa mzito kama anatembea kwenye matope ya mikoko. Predictive anatembea papo hapo, ila mara nyengine anarudishwa nyuma. Kwa laini ya simu inayopanda na kushuka weka Predictive. Seva ichague kwa namba ya pingi, si kwa umbali wa ramani, maana njia ya waya haifuati ramani. Na Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, mpangilio wowote usingesaidia.

Umeme ukikatika laptopu inabaki, ruta inazima, na hapo ndipo unapofia. Nunua UPS ndogo (betri ya akiba) ya ruta, lakini soma kwanza kibandiko cha adapta: volti lazima zilingane (12 au 9 au 5), ampea za UPS ziwe sawa au zaidi. Na usiguse Hardcore, ile hali ambayo ukifa mara moja umempoteza mtu wako. Diablo IV ina Scroll of Escape inayokutoa mtandao ukikatika, lakini ikiisha mfukoni mtu wako ndiye huyo kaenda.

Mkarafuu_Wete
Nimeelewa, shukran. Naelekea Path of Exile 2, ile kusimama ndiyo iliyonivuta. GB 100 kwa bando nitazishushaje? Rafiki yangu wa Chake anayo kwenye Steam, lile duka la gemu.

BaharaMalindi
Nunua kwanza ufunguo wa toleo la awali humo humo Steam, ni dola 30, kwa sababu Steam haikubali kuhamisha bila akaunti yako kuwa na haki ya gemu. Kisha peleka laptopu Chake, muunganishe zote ruta moja, kwa waya kama upo. Kwenye mipangilio ya Downloads ya Steam, yeye na wewe muwashe Game File Transfer over Local Network, halafu wewe ubonyeze Install. Asicheze wakati huo. Kinachobaki kushushwa ni tofauti ya toleo tu, kwa hiyo mwambie asasishe lake kwanza.

Ukhty_Darajani
Na kumbuka Steam hurudisha pesa ndani ya siku 14 kama hujapita saa mbili za kucheza. Bloated Miller akikushinda mara kumi, kaangalie saa yako kabla ya mara ya kumi na moja.